Sufuria Ndogo ya Mwenyekiti

Nyumbani kwao Kitinda, neno mochwari halikutamkwa watu wakiwa wanakula, na kwa kuwa mama yake alikuwa mtu wa kudonoa kidogo kidogo kutwa nzima, halikutamkwa kabisa. Majirani waliambiwa kwamba binti wa mwisho wa nyumba hiyo yuko serikalini, kitengo cha vipimo. Vipimo vya nini? Vipimo tu. Mama mtu alijibu hivyo huku uso ameugeuzia pengine, na jirani mwenye adabu zake alielewa kwamba hapo pamefungwa, akaulizia bei ya mkaa.

Jina la Kitinda alibandikwa utotoni kwa sababu alikuwa kitindamimba, na alipokua hakuna aliyejisumbua kumbadilishia. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha afya, na chuo kilimpeleka kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya mchunguzi wa vifo. Wenzake walipelekwa wodi ya wazazi, wakawa wanarudi na picha za vichanga. Yeye alipelekwa nyuma ya hospitali, kupita jikoni, kupita matangi ya maji, hadi kwenye jengo lenye mlango mpana kuliko milango yote, ambako watu huletwa na hakuna anayewauliza wanaumwa wapi.

Ofisi hiyo ilikuwa na watu wawili tu, ukiwaacha wale waliolala. Wa kwanza ni Daktari, mrefu, mkimya, mtu wa kumpasua binadamu kuanzia kooni hadi kitovuni bila kupepesa jicho, lakini mbele ya mjane anayelia alitokwa na jasho akaanza kutafuta miwani aliyoivaa. Wa pili ni mhudumu aliyeitwa Msafi kwa jinsi alivyopenda sabuni. Msafi alifua koti lake jeupe kila siku na kulipiga pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe, na alizungumza na maiti kwa heshima kuliko alivyozungumza na wauza mboga. "Samahani mzee, nakugeuza," alisema, na kweli akamgeuza taratibu.

Kitinda alipofika siku ya kwanza, amevaa glovu tayari na gambuti zinazompwaya, Daktari alimtazama juu mpaka chini, akamwambia avue.

"Humu ndani nina mikono ya kutosha," alisema. "Nje ndiko sina mdomo. Wewe utaanza na benchi."

Benchi lilikuwa la mbao, refu, limebanwa ukutani katika chumba cha kusubiria, na ndilo lililobeba watu walio hai wa ofisi hiyo. Sheria zake Daktari alizitoa kwa haraka, akiwa nusu mlangoni, maana hata kulizungumzia benchi kulimtia wasiwasi. Mpe mtu maji kabla ya neno lolote. Usimwambie "naelewa," kwa sababu huelewi. Sema amekufa, ukisema ametutoka, yuko mtu atakuuliza kama ameacha ujumbe. Na matokeo ya uchunguzi usiyatoe wewe hata ukishikiwa panga, hiyo ni kazi yangu. Kisha akarudi ndani kwa watu wake wasio na maswali.

Basi Kitinda akawa mtu wa benchi. Siku za kuingia ndani zilikuja baadaye, akashika kisu, akapima maini, akajifunza kutofautisha damu iliyoganda kabla na ile iliyoganda baada. Lakini elimu yake kubwa aliipata nje, na wala haikuwamo kitabuni. Aligundua kwamba watu hawana ugomvi na ukweli, ilimradi uwe ukweli wa heshima. Walikuja na sababu ya kifo mkononi, kama mtu anayekwenda kwa fundi cherehani na kitambaa chake mwenyewe. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa presha. Presha ni ugonjwa wa watu wenye majukumu. Mlevi aliyetumbukia mtaroni, familia yake iliomba presha. Mzee aliyekutwa amefariki katika chumba kisicho chake, ilikuwa presha, na mwenye chumba mwenyewe alikuwa ameketi mwisho wa benchi akitambulishwa kama dada wa ofisini. Ini halikutakiwa na mtu. Ini lilileta maswali.

Nyumbani, malipo ya elimu hiyo yalikuwa kikombe cha bluu. Mama yake alimtengea kikombe chake peke yake, kikakaa kwenye dirisha la nje karibu na dawa ya panya. Viatu alivulia getini. Kabla ya kumsalimia mtu alipitishwa bafuni, na akitoka mama yake alimuuliza kama amejisugua na kucha. Hakuchukiwa, hapana. Alipendwa kwa mbali. Kwenye shughuli za ukoo, ambako wasichana wa umri wake walishinda jikoni wakimenya na kuchambua, yeye aliwekewa kiti kizuri mbali na vyungu na kuambiwa, "Wewe pumzika mwanetu, kazi zako nzito." Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, alimsalimia kwa kiwiko. Siku nyingine hata kiwiko kilikuwa kingi, akampungia.

"Salamu iko moyoni, mwanangu," Shangazi alisema, mikono yote miwili ameificha kwapani.

Kitinda alicheka pamoja nao. Alikuwa mcheshi, na mcheshi akishazoeleka hapewi nafasi ya kuumia. Lakini iliuma. Iliuma hasa watoto wadogo wa ukoo walipoanza kumkimbia kwa mchezo, wakipiga kelele kwamba atawashika.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshika mkono, naye mwenyewe alikuwa hana cheo katika ukoo ule. Huyo ni Mama Mkubwa, mke wa kaka yake marehemu baba. Alimkamata Kitinda mkono kwa mikono miwili, akaukanda kanda, akasema, "Mbona wa baridi hivi? Njoo tukate vitunguu." Akampa kisu hasa, na ubao, na vitunguu ambavyo watu wataenda kuvila. Kitinda alilia kwa vitunguu vile kuliko vilivyostahili.

Mama Mkubwa aliingia katika nyumba ile amechelewa. Mumewe alikuwa mjane mwenye watoto wakubwa walioishi mbali, na yeye akaja bila mtoto, bila ndugu wenye sauti, na kwa watu wa ukoo hilo lilitosha kumtilia shaka. Lakini kosa lake kubwa lilikuwa sufuria ndogo. Chakula cha watu wote alikipika kwenye masufuria ya kawaida, mlango wazi, umbea ukiendelea. Ikifika zamu ya chakula cha mumewe, aliinjika sufuria ndogo, akatia komeo mlango wa jikoni, na hakuna aliyeona kilichofanyika humo. Sahani ya mzee ilitoka imefunikwa. Wakienda ugenini, alibeba kopo lenye kifuniko ndani ya mkoba. Hata Kitinda, mtu wa vitunguu, dakika hiyo ilipofika alitumwa nje: "Hebu kaangalie kama nguo zimekauka." Nguo zilikuwa zimekauka tangu asubuhi.

"Anamlisha dawa," Shangazi alisema kila alipopata masikio. "Mwanaume mzima anafunikiwa sahani! Hajiulizi?"

Na huyo mwanaume mzima ndiye aliyekuwa fahari ya ukoo. Aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu popote palipokuwa na viti vitatu kimoja kilikuwa chake. Aliongoza vikao vya ukoo, kamati za harusi, mikutano ya mtaa, na wakati mmoja aliongoza mazungumzo kati ya watu wawili waliokuwa wakisubiri kinyozi. Sauti ilikuwa nzito, suti ilikuwa ya kijivu, na kila hotuba yake, iwe ya posa au ya mifereji ya maji machafu, ilipita mahali pamoja pale pale.

"Tazameni meno haya!" alisema, akaufungua mdomo kuelekea upande mmoja wa umati, kisha upande wa pili, ili asidhulumiwe mtu. "Hayajaguswa na koleo tangu niumbwe. Mfupa nausaga. Ninyi vijana wa leo mnang'olewa jino kwa sababu ya peremende!"

Watu walipiga makofi. Meno yale yalikuwa mali ya ukoo mzima. Mtoto akikataa kupiga mswaki alionyeshwa Mwenyekiti, na posa moja iliwahi kukubaliwa, inasemekana, baada ya upande wa pili kuona kwamba damu hii ina meno.

Jumapili aliyokufa, Shangazi alikuwa amehamia nyumba yake mpya na ameita watu waje waione. Waliiona. Walionyeshwa vyumba, bomba la maji ya moto, na choo ambacho walikisifu kwa zamu. Kisha wakaketi kula, Mwenyekiti akahutubia, akafika kwenye meno, wakapiga makofi. Mama Mkubwa akafungua mkoba, akatoa lile kopo lake. Hakuwahi hata kukigusa kifuniko. Shangazi alilinyakua, akaliweka juu ya friji mpya.

"Kwangu kaka yangu hali vya kubebwa," alisema, na akamwekea mbele pande la nyama lililokuwa kubwa kuliko yote katika chungu, lina mfupa wake. "Kula, kaka. Waonyeshe hawa watoto."

Meza nzima ilimgeukia. Kitinda, kwenye kiti chake kizuri cha mbali, aliona Mwenyekiti akimtazama mkewe mara moja, haraka, na mkewe akitikisa kichwa kidogo sana kumwambia asile. Wakati ule hakulitia maanani. Mwenyekiti alishika pande, akaling'ata kwa kishindo, akashangiliwa.

Baadaye kidogo alisimama. Mkono mmoja kifuani, mwingine ameunyanyua juu vile vile alivyounyanyua siku zote kuomba utulivu kikaoni, akatoka kuelekea uani, mgongo wima, hatua za mtu anayejua anatazamwa. Hakukohoa mbele za watu. Na watu, kwa kuwa mwenyekiti ameomba utulivu, walitulia. Mama Mkubwa peke yake ndiye aliyeruka na kumkimbilia, akagonga meza njiani, na Shangazi akasema, "Mwone, hata kuaga hajui."

Walimkuta nyuma ya tangi la maji. Kitinda alidhani ni moyo. Alipiga magoti, akaweka viganja kifuani, akaanza kukandamiza kama alivyofundishwa, na hapo ndipo aliposikia sauti ya Shangazi juu ya kichwa chake: "Mtoeni! Mtoeni huyo na mikono yake!" Wajomba wawili wakamnyanyua kwa mabega. Sijui kama angemwokoa. Daktari alimwambia baadaye kwamba pengine hapana, lakini Daktari alilisema hilo akiwa anatafuta miwani.

Kabla ya jua kushuka, neno sumu lilikuwa limeshapita katika kila chumba cha nyumba mpya, pamoja na kile cha bomba la maji ya moto. Si walimwacha wenyewe mtu wao kwa mwanamke wa kufunika sahani? Uji wa asubuhi alipika nani? Shangazi alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake, akaeleza sufuria ndogo mwanzo hadi mwisho, na akataka ndugu yake achunguzwe. Usiku huo huo akachukua funguo za nyumba ya Mwenyekiti, na mizigo ya Mama Mkubwa ikapangwa kibarazani. Kikao cha ukoo, cha kwanza kufanyika bila mwenyekiti, kiliamua kwa haraka ya ajabu: majibu yakitoka, mwanamke huyu aondoke, na mazishini asionekane.

Kesho yake Daktari alimzuia Kitinda mlangoni. Mtu hamchunguzi wa kwao. "Leo kaa upande ule," alisema, akimwonyesha benchi, kisha akaongeza kwa taabu, "pole," neno ambalo Kitinda hakuwahi kumsikia akilitumia. Akakaa. Akawa mtu wa benchi kwelikweli.

Na ukoo ukaja. Walikuja wamevaa, magari yamepangwa nje, na hapo ndipo Kitinda alipoona miujiza ya Mungu. Mochwari iliyokuwa haitamkwi ilikuwa sasa na mwenyewe, na mwenyewe ni wao.

"Mwanangu ndiye wa hapa," mama yake alimwambia askari wa getini, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye matangi. "Tupishe. Tuna mtu ndani."

Shangazi alimvuta Kitinda pembeni. Alimshika mkono wa koti, juu kidogo ya pale mkono wenyewe unapoanzia.

"Mwanangu, wewe ni msomi," alimnong'oneza. "Mwambie huyo daktari wako aandike sumu. Hatusemi aandike uongo, la hasha! Aandike sumu, ukweli tutaujua baadaye."

"Shangazi, mimi leo ni mfiwa tu."

"Mfiwa gani mwenye kitambulisho shingoni?"

Mama Mkubwa alikaa mwisho wa benchi, pale pale alipowahi kukaa yule dada wa ofisini, na nafasi ya watu watatu ikaachwa wazi kati yake na wengine. Kitinda alimletea maji, akaketi katika nafasi ile. Akamshika mkono. Safari hii uliokuwa wa baridi ni wa mwenzake.

"Mama Mkubwa," alisema polepole, "ndani ya sufuria ndogo mlikuwa na nini? Ukisema, haya yote yanaisha."

Mama Mkubwa aliubana mkono wake. "Kulikuwa na chakula."

"Kwa nini mlango ulifungwa?"

"Aliniapisha, mwanangu. Mimi niite muuaji, nitahama, nitapanga chumba. Yeye atabaki na jina lake." Akanywa maji yote kwa pumzi moja, akamrudishia bilauri. Kitinda aliona hasira inampanda, na hakujua amkasirikie nani, kwa maana mtu aliyestahili alikuwa amelala ndani na Msafi akimwomba samahani kila anapomgeuza.

Daktari alitoka. Alisimama nusu mlangoni, akasafisha koo, akasema yote kwa mkupuo huku akiitazama feni. Sampuli zimepelekwa maabara kama polisi walivyotaka, ila yeye dalili ya sumu hakuona. Alichoona ni pande la nyama, zima, halikutafunwa, limeziba njia ya hewa. Marehemu alipaliwa. Amekufa kwa hilo.

Shangazi akacheka. Kicheko kikavu, cha mtu aliyeshika mwizi.

"Halikutafunwa! Daktari, unamjua unayemsema? Ndugu yangu alikuwa anasaga mifupa! Yale meno mji mzima unayajua. Huyu apaliwe na nyama? Semeni basi samaki kafa maji!" Akawageukia ukoo. "Wamenunuliwa hawa. Mwanamke amewanunua." Na ukoo ukaguna kwa pamoja, kwa sababu hoja ilikuwa nzito. Meno ya Mwenyekiti na pande lililomezwa zima haviendani. Mjomba mmoja alishauri wakubaliane na presha, yaishe, lakini Shangazi hakutaka kusikia presha. Alitaka mtu aondoke katika nyumba.

Sasa, ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake mmoja ambao haukuwahi kumbembeleza mtu. Vitu vya marehemu havikupitishwa pembeni. Vilitolewa mbele ya familia yote, kimoja kimoja, kwenye trei nyeupe, vikaonekana na kila jicho, ili kesho pasizuke maneno ya pete iliyopotea. Hapakuwa na kitu Msafi alichokiheshimu kuliko utaratibu huo. Alitoka na trei yake, koti limenyooka, akaiweka mezani. Saa. Mkanda. Kalamu mbili. Kitambaa cha mkononi. Na katika mfuko mdogo wa plastiki unaoonyesha hadi ndani, akiyalaza kwa upole, meno. Juu na chini. Meupe, kamili, yamekaa katika ufizi wake wa waridi, yanawachekea wote.

Kitinda aliitazama trei na mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake moja baada ya jingine: komeo la jikoni, nguo zilizokauka tangu asubuhi, kile kichwa kilichotikiswa mezani.

Shangazi ndiye aliyepata sauti kwanza, na akaipata yote.

"Haya si yake!" alipiga kelele. "Ndugu yangu ana meno yake yote kinywani! Mmekosea maiti! Mmempasua mtu mwingine huko, mnataka kutuzikisha kikongwe cha watu!"

"Mama, huyu ni—" alianza Msafi.

"Usiniite mama! Mwenyekiti wetu yuko wapi? Huyo mwenye meno ya duka mbakieni naye. Hatumchukui!"

Ukoo ulimkubali kwa shangwe. Naapa, walishukuru. Iliwafaa sana kwamba maiti si wao. Kama ofisi imekosea, basi hakuna aliyedanganywa miaka yote ile, na makofi yote yalipigwa kihalali. Wajomba wakasimama, funguo za magari zikalia. Mama yake Kitinda akawa anamwambia askari wa getini kwamba binti yake hapo yuko kwa muda tu. Daktari alimtafuta Kitinda kwa macho, na macho yake yalikuwa yanaomba mdomo. Kitinda aliufungua. Lakini matokeo si yake kuyatoa, na siri haikuwa yake pia, akaufunga tena.

Mama Mkubwa alisimama. Alitembea hadi mezani, akauchukua mfuko wa plastiki, akautoa hewa kwa kiganja, taratibu, kama alivyofanya kila siku ya ndoa yake.

"Ni mume wangu," alisema. "Haya ni yake. Nimeyaosha mimi kila asubuhi."

"Mwongo!" Shangazi alisema, lakini sauti ilikuwa imeanza kupungua.

"Alinioa hana hata moja, wifi. Haya yalikuwa ya kuongelea. Kutafuna yalimuumiza, hayakuweza hata mkate mkavu. Ndiyo maana nilifunga mlango. Nyama yake niliikata ndogo ndogo, nikaiponda kwa mwiko, ili ishuke bila kutafunwa. Ninyi mlisema dawa, nikanyamaza. Jana mlisema sumu, nikanyamaza. Mngenifukuza, ningenyamaza. Lakini kumwacha humu kama mtu asiye na kwao, eti kwa sababu hana meno?" Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujificha. "Hilo hapana. Hilo hapana, wifi."

Shangazi aliangalia trei. Kisha aliangalia mikono yake mwenyewe, na kila mtu pale benchini alijua anaona nini humo: pande kubwa kuliko yote katika chungu, na kopo lililokaa juu ya friji. Akaanza kutafuta benchi kwa mkono. Kitinda alimwahi, akamkalisha, akamwekea bilauri ya maji mkononi, na Shangazi akainywa bila kuuliza imeshikwa na nani.

"Ni mimi niliyempa," alisema. "Nimemuua mimi?"

Kitinda alitafuta katika sheria zote za benchi na hakuipata hiyo. Aliyejibu ni Mama Mkubwa.

"Hukujua, wifi. Tulikuficha sisi."

Walimchukua Mwenyekiti. Mama Mkubwa alimwomba Msafi kitu kimoja tu, na Msafi akakifanya kwa mikono miwili, akaomba samahani kwanza. Hivyo siku ya mazishi watu walipita wakimtazama kwa mara ya mwisho, wakatoka wakinong'onezana kwa mshangao kwamba mzee kaenda na meno yake yote. Msemaji wa familia alitangaza kwamba ni presha, na waombolezaji wakaitikia kwa vichwa, kwa kweli alikuwa mtu wa majukumu mengi.

Watu walikula baada ya mazishi, katika nyumba ya marehemu. Kitinda alikuwa ameshawekewa kiti chake cha mbali alipoona Shangazi anamwita kwa kidole kutoka mlango wa jikoni. Humo wanawake walisogeza mabeseni yao walipomwona akiingia. Mama Mkubwa alikuwa kwenye jiko, mizigo yake imesharudi chumbani. Shangazi alitoa funguo za nyumba kifuani, akaziweka mezani karibu na vitunguu. Kisha akamshika Kitinda mkono, mkono wenyewe, si koti, akakifungua kiganja, akakiwekea kisu, na akamsogezea beseni la nyama.

"Kata wewe," alisema. "Wewe unajua."

Kitinda alianza kukata. Shangazi alisimama ubavuni pake, hakwenda popote, akavitazama vipande vikishuka kwenye ubao.

"Ndogo zaidi, mwanangu," alisema. "Ndogo zaidi."